Mpiga Besi wa Siku ya Ine

Nilimdanganya mpiga besi kwa miaka kadhaa, na sijawahi kumjua mtu asiyestahili kudanganywa kama yeye. Siku hizi wapo wengi wanaomsifu, hasa wale ambao zamani walimwona kichaa. Wanausimulia ushupavu wake kana kwamba walikuwa wakimbebea besi. Mimi sikumbebea kitu. Kabla hatujakimbia vita nilikuwa mwimbaji wake, na baada ya kukimbia nikawa mwongo wake, kwa hiyo nafikiri nina haki ya kusema machache.

Tulikuwa wanne. Yeye na gitaa lake la besi. Mpiga gitaa la solo, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo waliokuwa na duka pale kwetu Masisi. Mpiga ngoma, mkulima wa Muheto mwenye mikono mipana. Na mimi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kingi, mwanamke pekee. Tulipiga kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye sherehe za shule, na mara moja tulipiga kwenye uzinduzi wa bomba la maji ambalo halikutoa maji.

Besi yake ilikuwa mlango kabla ya kuwa besi. Baba mkwe wake alibomoa ghala la maharagwe, na yeye akaomba mlango wake, akauchonga mwenyewe kwa wiki nyingi. Tundu la kitasa lilibaki palepale chini ya kamba. Kamba zenyewe zilikuwa waya za breki za pikipiki, alizozifumua na kuzisokota upya mpaka zikatoa sauti aliyoitaka. Tulikuwa na ampli moja na bafle moja, yaani spika, vyote vikiishi kwa batri ya gari, na batri hiyo ilikuwa na tabia ya kufa kila tulipoihitaji. Ikifa, yeye hakulalamika. Alifunga mlango wa chumba, akakibana kichwa cha besi kwenye mbao za mlango, akapiga. Mlango mzima ulinguruma. Ukisimama nje ukaweka kiganja juu yake, muziki ulikuingia kwenye mifupa ya mkono. Mpiga solo alipenda kusema kwamba bora tubebe mlango kwenda harusini na kuiacha bafle nyumbani.

Wiki yake ilikuwa na sheria nyingi kuliko shule yangu. Siku mbili za kwanza alikuwa shambani kwenye viazi na maharagwe, wala hakuruhusu mtu amtajie muziki. Siku ya tatu alifuta kamba kwa mafuta na kuzikagua moja moja. Siku ya ine, ambayo vitabu huiita Alhamisi, saa tisa mchana, ilikuwa repetisio, mazoezi yetu sote. Siku ya posho, yaani Jumamosi, ilikuwa harusi. Siku ya Mungu, Jumapili, asubuhi alipiga kwenye kwaya ya parokia, na mchana alitoka matembezi na familia yake.

Matembezi hayo mtu hakuyasahau akishayaona. Yeye mbele, besi mgongoni, mke wake nyuma yake, kisha watoto watano kwa mpangilio wa urefu, kila mmoja na viazi vyake vya kuchemsha na kipande cha jibini katika jani la mgomba. Aliwafundisha mapigo kwa miguu. Binti mkubwa alikanyaga kwa nguvu hatua ya kwanza, anayemfuata hatua ya tatu, na kitinda mimba alikanyaga anapotaka, jambo lililomuumiza baba yake kweli. Walipokuwa wakipita Kingi tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mara nyingine walinichukua, nikapangwa katikati ya mama na binti mkubwa, mwalimu mzima, nikakanyaga nilipoambiwa nikanyage.

Lakini mtu huyu aliyewapanga watu kwa urefu aliogopa ng'ombe. Hebu fikiria: mtu wa Masisi, ambako ng'ombe ni wengi kuliko mawe. Akiona ndama mmoja amelala njiani, alitaka kuizungusha familia nzima kilima kizima, akidai kwamba upande wa pili majani ni mazuri zaidi kukalia. Mke wake alimfuata kipande kimoja tu cha njia, kisha akavua kitenge chake cha juu, akampungia ndama, ndama akaondoka, na sote tukasubiri mpiga besi azunguke kilima peke yake atukute tumeshaanza kula. Hata watoto walijua kunyamaza.

Na ingawa tuliambiwa saa tisa ni saa tisa, yeye alichelewa kila mahali pengine. Alichelewa misa. Alichelewa kwenye ubatizo wa mtoto wake wa tatu, akakuta tayari amepewa jina ambalo hakulichagua. Repetisio tu ndiyo hakuchelewa hata mara moja, na asiyekuwapo saa tisa alikuta mlango umefungwa na unanguruma.

Maneno aliyatumia kwa uchoyo. Wimbo wetu mkubwa ulikuwa ule wa kumwingiza bibi harusi. Besi ilizunguka mara mbili peke yake, kisha ikanyamaza kwa kiasi cha pumzi moja, na katika kimya hicho ndimo mimi nilipaswa kuingia. Ngoma na solo zilinifuata. Katika harusi yangu ya kwanza nao, kule Muheto, nilimwona bibi harusi amesimama langoni, mguu mmoja mbele, nikaona watu wote, sikuingia. Kimya kikapita. Mpiga besi hakunitazama wala hakunikonyeza. Alizunguka tena. Nikashindwa tena. Akazunguka mara tisa, nilizihesabu, na bibi harusi bado mguu mmoja mbele, na mama mkwe wake ameshaanza kununa. Mara ya kumi nikaingia. Baadaye nilikwenda kumwomba msamaha, nikilia kabisa. Alikuwa akikunja waya.

"Nafasi yako ilikuwa pale," alisema, akaendelea kukunja.

Risasi zilipofika kwetu zilifika asubuhi, watu wakiwa wametawanyika mashambani. Kila mmoja alikimbia na aliyekuwa karibu naye. Mimi nilikuwa na mama yangu na wanafunzi wawili ambao sikuwa na pa kuwaacha. Siku ya tatu ya kukimbia tulifika kwenye shule moja kando ya barabara, watu wamejaa mpaka juu ya madawati, na humo ndani nikaona besi imeegemezwa ubaoni. Mpiga ngoma alikuwapo, na mpiga solo akaja jioni. Hatukuwa tumepanga, ila barabara ilikuwa ile moja.

Kesho yake ilikuwa lazima tuachane. Mimi na mama na wale wanafunzi wawili tulielekea Goma. Mpiga ngoma alikuwa na ndugu katika kambi ya waliokimbia. Mpiga solo alitaka kurudi kwao Butembo. Mpiga besi alikuwa anakwenda upande mwingine kabisa, magharibi, Walikale, kwa sababu shemeji yake alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa Bisie. Alituita nje, nyuma ya vyoo vya shule, mahali pekee penye nafasi, akatuambia maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake kwa mwaka mzima.

"Siku ya ine, saa tisa. Kila mutu pale atakuwa. Apige sehemu yake, aache nafasi ya benzake. Siku tutakutana, hatutaanza upya."

Mpiga solo alicheka. Mpiga ngoma akasema hata kama ni kidumu cha maji, atakipiga. Mimi niliuliza habari ya mtu asiye na chombo.

"Weye chombo yako iko mu shingo," alinijibu. "Hakuna mutu atakuibia."

Alikosea hapo. Goma tulikaa watu wanane katika chumba kimoja, juu ya mawe meusi ya volkano. Siku ya ine, saa tisa, niliimba nikifua nguo. Nilihesabu mizunguko miwili ya besi kichwani, nikaacha pumzi, nikaingia. Majirani walidhani nasali, wakaniheshimu. Niliendelea hivyo majuma mengi, na sitaki kusema ilikuwa kitu kidogo, kwa sababu saa hiyo moja ndiyo ilinibeba juma zima. Kisha mvua zilipoanza mama yangu aliugua, akafariki. Siku ya ine iliyofuata nilikaa na beseni mbele yangu, nikahesabu, nikafika kwenye pumzi ile, hakikutoka kitu. Iliyofuata pia. Ya tatu sikuhesabu tena, na tangu hapo nilikuwa nikitafuta kazi ya kufanya saa tisa, sokoni au kisimani, popote pasipo na kimya.

Hapo ndipo ujumbe wa kwanza ulipofika. Kulikuwa na Mama mmoja mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mjane, Mkatoliki wa kufunga hata siku ambazo Kanisa halijaomba, aliyekuwa akipeleka chumvi, sabuni na mafuta Walikale kwa ndege ndogo zile zilizorudi na mawe ya mgodi. Alinitafuta mtaa kwa mtaa mpaka akanipata. Alisema mpiga besi ni mzima, mke na watoto ni wazima, na anauliza kama siku ya ine bado inaendelea.

Nilisema mwambie inaendelea, haijanipita hata moja. Neno lilitoka laini, bila kujikwaa, na mimi nafundisha watoto kutosema uongo. Yule Mama alilibeba pamoja na sabuni zake. Angejua amebeba nini, angenirudishia palepale.

Kila aliporudi alikuja na habari zake, na nyingi nilizozijua za mpiga besi wakati wa vita nimezipata kwa huyo Mama au kwa mke wa mpiga besi baadaye. Mke wake ndiye aliyenisimulia habari ya kizuizi. Walipokuwa njiani kwenda Walikale walikuta kamba imevutwa barabarani na wanaume wenye bunduki, vijana waliochoka kukaa. Waliiona besi. Wakamwambia awapigie kidogo, wacheze, kisha awapite na familia yake. Kazi ya dakika kumi. Mke wake alimsihi kwa macho.

"Besi peke yake haiko muziki," aliwaambia. "Tuko bantu bane. Mulete benzangu batatu, njo nitapiga."

Hawakumpiga, walicheka. Kisha wakamtwika gunia, akalibeba mlimani na bondeni siku mbili, nao wakimfuata nyuma. Besi waliiacha kwa mke wake, kitu kisichopigwa kina faida gani kwao. Alirudi bega la kushoto limeshuka, na halikupanda tena mpaka leo. Nilimuuliza mke wake kama alimkasirikia. Alisema alimkasirikia mwezi mzima, hakumpikia kwa moyo. Kisha akasema, lakini usiku wa kwanza alipolala amekunjamana kwa maumivu, aliona kwamba mtu huyu akianza kuwapigia wenye bunduki hatabaki mtu wa kulala naye.

Huko Bisie alikataa kushuka mashimoni. Alisema mikono yake si yake peke yake. Akawa anachonga mipini ya nyundo na kuwauzia wachimbaji, na mke wake akawapikia bugali na maharagwe. Siku ya ine, saa tisa, aliweka mpini chini hata kama haujakwisha, akaingia ndani, akafunga mlango, akakibana kichwa cha besi kwenye mbao. Wachimbaji walianza kuja. Hawakuambiwa na mtu. Walitoka shimoni na matope yao, wakapanga mikono juu ya mlango ule. Mmoja wao, aliyekuwa amesikia habari ya kizuizi, alimtania: si ulisema besi peke yake haiko muziki, mbona sasa unapiga peke yako?

Alimjibu kwamba hayuko peke yake, kuna mtu Goma anaimba.

Yule Mama alinisimulia hilo huku anafurahi, akinishika mkono. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa wakati huo mpiga ngoma alikuwa ameshafariki kwa homa kambini, na mpiga solo alikuwa ametuma neno kutoka Butembo kwamba ameuza gitaa, ana duka la kuendesha, mambo ya kitoto yamekwisha. Kati ya wanne, mpiga besi alibaki na mimi tu, na mimi sikuwapo. Kila mara Mama aliponiuliza ampelekee jibu gani, nilisema lile lile. Nilijiambia kwamba uongo huu unamshikilia. Ukweli ni kwamba uliniokoa mimi na aibu, ndiyo sababu nilikuwa mkarimu nao.

Miaka ikapita. Mpiga besi akatoka Bisie, akajenga nyumba ya mbao Walikale. Barabara ikaanza kupitika kwa wale wenye moyo. Na siku moja yule Mama akaja na ujumbe ambao haukuwa swali. Binti mkubwa, yule aliyekuwa akikanyaga hatua ya kwanza, anaolewa siku ya posho ya mwisho wa mwezi. Mimi ndiye nitakayemwingiza. Hakuna haja ya kufanya repetisio, mpiga besi alisema, kwa kuwa tumefanya miaka yote hii.

Sikulala siku kadhaa. Nilijaribu kuimba chumbani, ikatoka sauti ya mtu anayeita kuku. Ningeweza kutuma neno kwamba naumwa; uongo mmoja zaidi ungeonekana wapi kati ya ule wote? Lakini nilimfikiria yule msichana amesimama langoni na mguu mmoja mbele, na safari hii hakutakuwa na mara ya kumi. Nikaomba kiti katika gari la Mama. Nilichagua kwa makusudi kufika siku ya pili ya juma, Jumanne, ili nimwambie mapema, na ili nisimkute kwenye siku ya ine yake, kwa maana hiyo nisingeistahimili.

Nilimkuta uani anachonga mpini. Nywele zimekuwa nyeupe, bega lile chini, mikono ileile. Binti yake alikuwa akimenya viazi kando, akainuka kunisalimu. Nilimwomba mpiga besi tuingie ndani, na kabla sijakaa nikamwambia. Nilimwambia siku ile ya beseni, na majuma yaliyofuata, na kila jibu nililotuma. Nilisema kwamba alipokuwa akiwaambia watu kuna mtu Goma anaimba, hapakuwa na mtu. Sikulia. Nilikuwa nimelia njia nzima.

Alifuta vumbi la mbao mikononi, kidole kimoja kimoja. Nilifikiri anatafuta namna ya kunifukuza bila kuvunja heshima.

Kisha naye akaanza kusema, akiangalia sakafu. Alisema walipoingia msituni, wakikwepa barabara baada ya kile kizuizi, walitembea siku nyingi, mvua ikinyesha, watoto wakiumwa, naye akipiga alama kwa kisu kwenye shingo ya besi kila siku moja ilipopita. Siku mojawapo aliweka alama mbili bila kujua. Walipofika Bisie hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu pale mashimo hayapumziki siku yoyote na hakuna anayejali leo ni nini. Alipiga hivyo miezi sita. Mpaka katekista alipokuja kusalisha ibada ya Siku ya Mungu, na hesabu ya mpiga besi ilikuwa imeshafika siku ya kwanza, yaani Jumatatu.

"Nilikuwa napiga siku ya tatu," alisema. "Miezi sita. Weye ulikuwa unaimba, na miye sikuwa pale. Nilisikia haya kukuambia. Sikukutumia habari, niliona utavunjika roho."

Alinigeuzia besi nione shingoni. Alama zilikuwapo, zimekaa kwa safu, na mbili zilibanana kuliko nyingine. Nilizigusa. Nilikumbuka majuma yale yangu ya kwanza, nikifua na kuimba kwa moyo wote, na yeye huko amekwisha piga tangu jana. Sijui nani alianza kucheka. Nafikiri ni mimi, na nilicheka vibaya, kwa kamasi, mpaka binti akachungulia kuona kuna nini.

Mpiga besi alisimama, akafunga mlango. Akakibana kichwa cha besi kwenye mbao.

Nilimwambia kwamba sauti haipo tena. Nilimwambia pia kwamba leo ni siku ya pili, labda ningoje.

"Leo iko siku ya ine," alisema.

Niliegemea ule mlango, naye akaanza, na yote yakaniingia mgongoni. Mzunguko wa kwanza, wa pili, kisha kile kimya. Kilikuwa na ukubwa uleule, kiasi cha pumzi yangu, pumzi ya mtu ambaye hakuwapo, naye mpiga besi amekitunza bila kukijaza na kitu kingine. Sikuingia. Hakunitazama. Alizunguka tena. Nje binti aliacha kumenya viazi, nilimsikia anakuja, akaweka mikono yake upande wa pili wa mlango. Mzunguko wa nne ulipoisha nikaingia, kwa sauti kavu, ya mwanamke mzima aliyekaa miaka bila kuimba, ikakatika, ikaendelea. Palipokuwa pa ngoma akaacha nafasi, na palipokuwa pa solo akaacha nafasi, nami nikajifunza kupita humo bila kupajaza.

Tulirudia siku ya tatu. Tukarudia siku ya ine, saa tisa kamili, mlango umefungwa. Siku ya posho binti yake alisimama langoni, mguu mmoja mbele, na besi ikazunguka mara mbili. Sikumsubirisha.